Inaweza, Haiwezi: Daftari la Kamera Ndogo

Jumatatu, 4 Machi

Kamera yangu kubwa imeota kuvu. Si uchafu wa nje wa kupangusa kwa kitambaa, la, kuvu imejipenyeza ndani ya lenzi na kutambaa kama mizizi, na mvua zenyewe ndiyo kwanza zinaanza. Fundi wa kamera kasema niiache kwake mpaka masika yaishe, eti lenzi haifunguliwi wakati hewa ina unyevu. Miezi miwili na nusu! Na mimi nina studio, nina wateja wa pasipoti. Niwapige kwa vidole?

Aliyeniokoa ni kaka yangu, kama huku ni kuokolewa. Kaniletea kamera ndogo ya mfukoni, ya kijivu, ukiiwasha lenzi inachomoza kama kichwa cha kobe. Anataka kuziuza dukani kwake, na sharti lake ni moja: niijaribu masika yote, niandike daftarini kila inachoweza na kila isichoweza. "Usinipambie," kasema. "Andika ukweli." Haya. Kaka mkubwa akisema, mdogo anaandika.

Inaweza: kuingia mfuko wa gauni.

Haiwezi: kumfanya mteja aniamini. Wa kwanza leo kaniuliza, "Mama, na ile ya kazi iko wapi?"

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Wateja wawili. Asubuhi nilikuwa natafuta betri, mume wangu akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Nikamwambia, fundi cherehani mzima, kutunga uzi? Alicheka. Akatoka.

Jumamosi, 9 Machi

Leo mvua ilipumzika, nikaijaribu kamera kwa dhati.

Studio yangu iko ghorofani, juu ya saluni ya wifi yangu, na dirisha langu linatazama barabara yote mpaka kule mwisho, kwenye kibaraza anaposhonea mume wangu. Ni hatua mia mbili na kumi. Nilizihesabu zama za uchumba, nilipokuwa najifanya naenda posta kununua stempu na wala sikuwa na mtu wa kumwandikia.

Kwa macho matupu, mume wangu ni doa la shati la bluu. Nikavuta. Lenzi ikatoka, ikatoka, mara huyo! Futi ya kupimia shingoni, chaki sikioni, mdomo kaubinua kama afanyavyo akikata kitambaa. Hatua mia mbili na kumi, nimeiona chaki! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi kumtazama akifanya kazi bila yeye kujua kuwa anatazamwa. Ni mzuri mume wangu. Nilikuwa nimesahau.

La kumwandikia Kaka: ukivuta, kwenye kioo cha nyuma unatokea mstari. Sehemu ya kwanza ni nyeupe. Hapo kazi inafanywa na lenzi, na unachokiona ni cha kweli. Ukilazimisha zaidi, mstari unaingia bluu, na hapo lenzi imeshamaliza uwezo wake. Kamera inachukua kipande cha picha, inakikuza, na palipopungua inajazia kwa kukisia. Kwenye nyeupe inaona. Kwenye bluu inabuni. Mteja wa Kaka lazima aambiwe hili, asije akadai ameuziwa darubini.

Inaweza: kumleta mume wangu mpaka dirishani.

Haiwezi: kutulia. Ukivuta mpaka mwisho, hata pumzi yako inaitikisa. Nimejaza mchanga kwenye mfuko, nimeulaza dirishani, naegemeza kamera juu yake.

Jumatatu, 11 Machi

Wifi kapanda ngazi mbiombio na mteja wake. Kamsuka misuko myembamba, laini, saa sita mfululizo, na anataka picha ya kutundika saluni. Nje kumefunga, umeme umekatika, nikampiga hivyo hivyo kando ya dirisha. Tulipoiangalia, wifi alishika kiuno.

"Wifi, mimi nimesuka mtu, wewe umenipigia kofia!"

Na kweli. Uso umetoka mzuri, lakini misuko yote imeyeyuka imekuwa kitu kimoja cheusi. Mwanga ukipungua, kamera hii inatoa chenga kama za televisheni. Ili kuzificha chenga inapangusa, na ikipangusa inafuta kila kilicho chembamba. Nimejaribu kule nje: nguzo za umeme zipo, waya hamna.

"Kaka yako kakupa mwanasesere," kasema wifi. Tulicheka mpaka mteja akanuna.

Haiwezi: vitu vyembamba kwenye mwanga hafifu. Nimepigia mstari.

Alhamisi, 14 Machi

Kumbe jirani na kibaraza cha mume wangu pamefunguliwa duka jipya la vifungo, zipu na nyuzi. Nimeliona kwa kamera. Mwenyewe ni mwanamke mrefu, mwembamba, anatembea na mwavuli wa njano utadhani jua limetumwa kumsindikiza. Nimemwuliza wifi. Hana mume.

Sikuuliza kwa nia yoyote. Mtu anajua majirani zake.

Jumatatu, 18 Machi

Mwavuli, ndivyo ninavyomwita sasa, alikuwa kibarazani kwa mume wangu saa mbili asubuhi. Saa mbili na dakika kumi na tano alikuwa bado yuko.

Jumanne, 19 Machi

Saa mbili asubuhi. Dakika ishirini.

Jumatano, 20 Machi

Tena.

Ijumaa, 22 Machi

Mume wangu amepata kazi kubwa: sare za wasichana wa bweni, mia mbili, ziwe tayari muhula ukifunguliwa Mei. Matroni wa shule mwenyewe kaleta vitambaa kwa gari. Kazi ya namna hii hajaipata tangu tuoane. Nilimkumbatia. Nilipika vizuri. Kisha nikamwonyesha zile picha nilizompiga toka dirishani, nikamwambia, tazama ulivyopendeza.

Aliishika picha mbali, kama mtu aliyekabidhiwa panya. Akasema, "Nzuri," akairudisha. Hakuitazama hata kwa kiasi cha kupepesa macho.

Nimejiuliza usiku wote. Mwanamume anayependezwa na mkewe haziangalii picha alizopigwa na mkewe?

Jumanne, 26 Machi

Andika ukweli, kasema Kaka. Basi naandika. Mume wangu leo katoka nyumbani amepishanisha vifungo vya shati. Nilimwona, nikasema moyoni atajiona mwenyewe. Saa mbili na nusu navuta kamera: vifungo vimenyooka. Kuanzia kola mpaka kiunoni. Na nani alikuwa kibarazani saa mbili?

Jioni nikamwuliza, "Leo umeshinda na nani?"

"Na cherehani, bibie."

"Na vifungo vyako nani kakufunga?"

"Nani anifunge? Mimi mtoto?" Na hakunitazama usoni. Alitazama mlango.

Macho hayana pazia. Mimi nimeona, na yeye kanidanganya, na uongo huwa haujengi nyumba pasipo na kitu cha kuweka ndani.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua siku nzima. Harusi niliyokuwa nipige imeahirishwa. Sina la kuandika. Mwavuli hufungua duka hata Jumamosi.

Jumatatu, 1 Aprili

Wifi kanikuta dirishani, kamera juu ya mfuko wa mchanga. Sikusikia alivyopanda.

"Wifi, unapiga picha gani huko, na mteja wa pasipoti yuko chini anakungoja?"

"Najaribu lenzi."

Alisogea, akachungulia kioo, akamwona kaka yake. Akachungulia tena, akauona mwavuli. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wivu ni kidonda, wifi yangu, ukiushiriki utakonda. Mwenye duka la nyuzi na fundi cherehani, ulitaka wasijuane? Fundi anunue nyuzi kwa muuza samaki?"

"Kila siku saa mbili? Nyuzi gani hizo haziishi kununuliwa?"

"Kamwulize."

"Nimemwuliza. Kanidanganya."

Hapo wifi akainuka. Akashuka. Naye sasa anajua, nimemwona machoni.

Jumatano, 3 Aprili

Inaweza: kupiga bila mlio. Nimeuzima mlio.

Jumatatu, 8 Aprili

Niseme yanayonichoma, maana ukurasa huu Kaka hatausoma. Si kwamba huyu mwanamke ni mzuri. Mashavu hana, miguu ya korongo. Kinachonichoma ni kwamba mume wangu anacheka. Namwona anacheka kule, kichwa nyuma, meno nje, na mimi kicheko hicho nilidhani kilikwisha na ujana wetu. Anakuja nyumbani kakikausha. Anakula, anasugua paji la uso, anasema kichwa kinamuuma, anafumba macho. Kule kicheko, huku kichwa! Mimi ni nani, mganga wa kichwa?

Na mimi nimebaki juu ya ngazi na kamera ya kuazima, naangalia kicheko changu kinapewa mwingine.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeipata.

Mvua ilikuwa nyembamba, mbingu imeshuka mpaka kwenye mabati, saa mbili kasoro ilikuwa bado giza-giza. Niliiweka kamera kwenye mfuko wa mchanga, nikavuta mpaka mwisho wa nyeupe. Mume wangu kakaa kwenye stuli. Mwavuli kafunga mwavuli wake, kauegemeza ukutani kama yuko kwake, kasimama mbele yake. Halafu mume wangu akanyoosha mkono, kiganja juu. Naye akakishika. Kwa mikono miwili.

Nikaingia bluu. Nikavuta mpaka mstari ukagoma. Kiganja cha mume wangu ndani ya viganja vyake, na kichwa cha yule mwanamke kimeinama, kimeinama mpaka nywele zinagusa shati, utadhani anataka kubusu mkono. Na uso wa mume wangu! Umetulia. Mtu aliyeshusha mzigo. Nikabonyeza.

Mikono ilitulia kabisa. Ndiyo maana picha imetoka imara kuliko zote nilizopiga na hii kamera. Hakuna ukungu, hakuna mtikisiko. Viganja vitatu na kichwa.

Sikula. Mume wangu kaniuliza, "Unaumwa?" Nikasema kichwa. Akasema, "Pole, na mimi pia."

Jumapili, 14 Aprili

Nimeichapa saizi ya ukutani.

Jumatatu, 15 Aprili

Nitaandika yote, tena kwa mpangilio.

Chini ya ngazi zangu, kati ya mlango wa saluni na barabara, kuna kabati langu la kioo. Kila mpiga picha analo: hapo hutundika kazi zake bora, watu wapite waone, wapande. Mle ndani alikuwamo bibi harusi wa mwaka jana, mhitimu mwenye joho, na mapacha wa mwenye duka la dawa. Saa moja na nusu asubuhi nilifungua kabati, nikamtoa mhitimu, nikawaweka mume wangu na Mwavuli. Sikuandika neno. Nikafunga kwa ufunguo, nikapanda juu, nikakaa dirishani.

Mtaa hauhitaji maneno. Saa tatu walikuwa watu watatu, saa nne kundi. Nikasikia kicheko cha mama wa mboga: "Ala! Fundi siku hizi anapima kwa viganja!" Wakaangua kicheko wote. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kweli, nisidanganye, kwa kama nusu saa.

Wifi akapanda, anahema. "Shuka uitoe ile picha."

"Siitoi."

"Yule ni kaka yangu!"

"Ni mume wangu pia."

"Basi ungempiga ngumi nyumbani kwako! Huku nje unamvua nguo mbele ya nani?"

Nikageukia dirisha. Nilikuwa nimeona gari la shule linasimama. Matroni kaja kukagua sare zake, na kundi limemzuia njia. Kashuka, katazama kabati, katazama tena. Na upande wa pili wa barabara, chini ya mwavuli wa njano, anakuja yule, na nyuma yake mume wangu, futi shingoni. Mtu alikuwa amekwenda kuwaita.

Mume wangu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akakunja uso. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, watu wakimpisha, ndipo akaiona. Niliona alivyoiona. Kisha akainua uso juu, moja kwa moja kwenye dirisha langu.

Nikashuka. Sijui kwa nini nilishuka. Nadhani nilitaka kumsikia akikana.

"Fundi," yule mwanamke akasema, sauti ya chini, "waambie. Au niseme mimi?"

"Usiseme."

"Mimi naitwa mwizi wa waume za watu hapa!"

"Nimesikia, dada. Nitasema mwenyewe."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kimto chake cha sindano na kibunda cha uzi mweupe. Nilidhani anaanza wazimu. Akachomoa sindano moja isiyo na uzi, akalamba ncha ya uzi, akainua vyote viwili juu, mbele ya matroni, mama wa mboga, wifi, na mimi.

"Naomba mnitazame," akasema.

Uzi ukapita kando ya sindano. Akalamba tena. Ukapita kando. Akavisogeza mbali, mkono umenyooka wote, akarudisha karibu, akakisia. Kando. Mara ya nne uzi uligonga kidole chake mwenyewe. Mara ya tano sindano ilimponyoka, ikaanguka kwenye tope, na akainama kuitafuta akipapasa, na ilikuwa pale pale, sote tunaiona, inang'aa. Hakuna aliyecheka.

Wifi aliiokota, akampa. Mume wangu akamnyooshea yule mwanamke kiganja, sindano juu yake. Yule akasita. Kisha akachukua uzi, akakishika kiganja kwa mikono miwili, akakielekeza kwenye mwanga, maana sindano inaonekana vizuri ikiwa juu ya ngozi ya kiganja. Akainama karibu, karibu sana, uzi ukapita.

Ilikuwa picha yangu ileile. Kiganja, kichwa, nywele kwenye shati, na ule uso uliotulia. Ila sasa mimi nilikuwa hatua mbili, na uzi ulionekana.

"Tangu mwaka jana karibu sioni," mume wangu akasema. Hakuwa ananiambia mimi. "Mbali naona, hata ndege juu ya mnara. Karibu sioni. Huyu dada hunitungia sindano ishirini kila asubuhi, nazichomeka kwenye kimto, zinanifikisha jioni. Vitundu vya vifungo hunitazamia. Ndiyo mapenzi yetu hayo." Akamgeukia matroni. "Sasa na wewe umejua."

"Fundi," matroni akasema, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko hasira, "sare mia mbili..."

"Najua, mama."

Akaondoka kuelekea kwake, hatua mia mbili na kumi, mgongo umenyooka. Mimi nilibaki nimeshika ufunguo wa kabati. Wifi aliunyakua mkononi mwangu, akafungua, akaitoa picha, akaichana vipande vinne. Akamrudisha mhitimu mahali pake, kichwa chini. Hakuna aliyemgeuza mpaka sasa.

Jumanne, 16 Aprili

Kahamishia mto wake sebuleni.

Jumatano, 17 Aprili

Gari la shule limekuja. Vitambaa vyote vimechukuliwa, vilivyokatwa na visivyokatwa. Mume wangu aliwasaidia kubeba.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Wifi akinipita kwenye ngazi anasema "Salama" hata sijamsalimu, ili tusiongee zaidi.

Jumatano, 24 Aprili

Nimeongea na mwenye duka la vifungo. Nilizunguka nyuma ya posta nisionekane, kama mwizi. Duka lake dogo, lina harufu ya pamba, vifungo kwenye chupa ukutani mpaka juu. Kwa karibu ana makovu ya tetekuwanga shavuni, ambayo kamera haikuwahi kunionyesha. Labda nayo iliyapangusa.

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kupanga zipu.

"Mimi picha haikuniuma sana, dada," akasema. "Nimeitwa mengi. Kilichoniuma ni kusimama pale nimtungie, watu wakitazama. Aliniomba jambo moja tu, nisimwambie mtu. Alisema fundi asiyeona akijulikana, amekwisha."

"Kwa nini hakuniambia mimi? Mimi ni mkewe!"

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza. "Alisema alikuomba wewe kwanza."

Nikamwambia si kweli. Nikamwambia kwa sauti. Mimi mume wangu akiniomba jambo kama hilo nikatae? Thubutu! Nimerudi nimekasirika, nimefungua daftari hili nipate tarehe, nione ni lini mwanamume huyu aliniomba chochote masika haya.

5 Machi.

Mstari mmoja na nusu, wa sindano na uzi. Nilikuwa natafuta betri.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimesoma tena kurasa zote. Ile ya kofia, tarehe 11, nimeipigia mstari mwenyewe: haiwezi vitu vyembamba kwenye mwanga hafifu. Ile ya bluu, tarehe 9: inabuni. Kila kitu nilikijua. Mtu mwingine yeyote mtaani angeiangalia picha ile akadanganyika, na angesamehewa. Mimi ndiyo kazi yangu. Nilivuta mpaka kwenye bluu, asubuhi ya giza, nikatafuta ukweli kwenye kamera inayofuta uzi, na uzi ulipokosekana nikaamini haukuwepo.

Na vile alivyoishika picha mbali. Na kichwa kumuuma. Na vifungo. Niliandika yote, kwa mkono wangu, kisha nikayasoma kinyume.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilimwambia, nipe sindano nikutungie. Akasema, "Nimeshatungiwa." Bila ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Na wivu haujaisha, niseme ukweli. Nimejua hakuna kitu, na bado kabla ya saa mbili nimeshaitazama saa mara tatu. Kamera nimeifungia kabatini, ila miguu inanipeleka dirishani yenyewe. Doa la bluu. Doa la njano.

Alhamisi, 2 Mei

Wifi kampeleka kupimwa macho. Karudi na miwani. Daktari kasema ni umri tu, macho ya namna hii hutibika kwa kipande cha kioo, angekuja mapema. Mwaka mzima wa kujificha, sare mia mbili, kwa kipande cha kioo.

Aliivaa mezani, akautazama mkono wake, akageuza. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Sijui aliona nini. Nimezeeka tangu aliponiona vizuri mara ya mwisho.

Jumatatu, 6 Mei

Shule zimefunguliwa. Wasichana wamepita na sare mpya, za fundi mwingine, kola zimepinda. Mume wangu alisimama kibarazani kuwaangalia. Kuzijua kola hahitaji miwani.

Jumatatu, 13 Mei

Kaka kapiga simu, anataka ripoti yake. Daftari hili simpi mtu. Nimenakili kurasa mbili safi: uzito, betri, sura za watu zinavyotoka vizuri ukisimama mbali kidogo ukavuta nusu, ulegevu wake wa kushika kinachokimbia. Nikamsomea. Nilipofika "haiwezi kuona uzi kwenye mwanga hafifu", akanikatiza.

"Uzi? Nani anapiga picha ya uzi?"

"Andika tu, Kaka. Mteja aambiwe."

Ijumaa, 17 Mei

Jua mchana kutwa. Wifi kanipa kikombe cha chai bila mimi kuomba. Mto bado uko sebuleni.

Jumatatu, 20 Mei

Masika yamekwisha. Kamera kubwa imerudi, lenzi safi, nzito vilevile. Ile ndogo niliitoa kabatini jana, nikaiweka juu ya meza ya chai, Kaka apite leo aichukue.

Asubuhi nimeingia sebuleni, nimekuta juu ya ile kamera sindano moja na kipande cha uzi mweusi.

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Miwani iko usoni. Anaona vizuri, anatunga mwenyewe sindano ishirini siku hizi, wifi kaniambia. Nimekaa, nimelamba uzi, nimeinua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Mikono yangu hii, inayotulia kwa kamera, ilikuwa inatetemeka. Nimekosa. Nimekosa tena. Mara ya tatu ukapita, nikafunga fundo, nikampa mkononi.

Akaichomeka kwenye kola yake.

"Mpiga picha mzima," akasema, "kutunga uzi, mara tatu?"

Alicheka. Akatoka.